Malkia Bila Karatasi

Baraka, tarehe 14 mwezi wa kwanza 1957

Kwako Adolphine, bibi mudogo wa mzee Wilondja,

Nakusalimia mara mingi. Mi tate yako Wabiwa, nyanya yako, niko muzima, mugongo tu njo inalia wakati wa kulima. Mzee, babu yako na bwana yetu sisi wawili, anakohoa lakini anakula. Mama yako na bwana yake mupya balizaa mwanamuke, bakamwita Immaculée. Iko na sauti ya kuita mitumbwi mpaka ngambo. Mihogo ya kule chini ku muto ilioza na maji. Ndakala, ile dagaa yetu, ni mingi hii mwezi, hata paka banapita pembeni yake bila kuangalia.

Hii barua naandika na mukono yangu. Katekista alitaka kuniandikia, nikakatala. Ule mutu, ukimwambia neno asubui, magaribi kanisa yote inaliimba. Mi nilisoma ku katekismu mpaka nikajua kuandika jina ya Yesu na jina yangu. Bile bingine nilijifunza juu ya kiburi. Kama herufi zinalala, we inamisha kichwa.

Sasa habari yenyewe. Placide alishuka na lori yake, ile camion, akaingia kwangu kunywa maji. Alisema alipita ku shule yenu kule Bukavu kuacha mafuta. Alisema ulisimama mbele ya batoto, ile leçon ya kupima bamonitrice, bale banasomea ualimu, na mdomo yako ikafunga. Ukabaki vile na chaki mu mukono mpaka kengele ikalia. Na Directrice, mukubwa wa shule, akasema mwezi wa sita utasimama tena, na ikifunga tena, unarudi nyumbani.

Juu ya nini nasikia ile kwa Placide? Mi nimekulea tangu baba yako alipokufa, na habari yako ananiletea mutu wa kubeba mafuta na chumvi?

Na haiko mi peke yangu nimesikia. Eugène, baba yako mukubwa, amesikia nayo. Iko na rafiki ku Kazimia, mwenye mitumbwi, anatafuta muke. Eugène alikaa hapa ku kiti yangu akasema: «Akirudi mwezi wa sita, tumuoze. Muke, ni lazima aseme nini?» Nilimuonyesha mlango. Mwiko ilikuwa mu mukono yangu, akaona mlango mbio.

Jibu. Na usinijibu habari ya mvua.

Tate yako, Bibi Mukubwa,
Wabiwa


Bukavu, tarehe 20 Februari 1957

Kwako Bibi Mkubwa wangu,

Nakusalimu kwa heshima, nawe umsalimie bwana wetu na mama, na umbusu Immaculée kwenye kitovu. Mimi ni mzima. Mvua hapa Bukavu hainyamazi. Inaanza asubuhi, inapumzika tukila, inaanza tena. Nguo hazikauki, tunazivaa zikiwa bado na baridi ya kamba.

Nataka kukueleza jambo jipya. Masœur Constance, yule mtawa mzee anayetufundisha kuchora, ametuletea mchezo unaoitwa échecs. Wale Waislamu wazee wa Baraka wanauita sataranji, ukiuliza watakwambia. Ni ubao wa vyumba vyeusi na vyeupe, na miji miwili inapigana. Kila mji una mfalme, malkia, minara miwili, farasi wawili na wazimu wawili. Ndiyo, Tate, kwa Kifaransa wanaitwa wazimu. Mbele yao kuna mstari wa watu wadogo, mapion.

Lakini sisi hatuchezi mezani. Jumamosi, baada ya kufua, tunachora vyumba uwanjani kwa majivu, na vitu vyenyewe ni sisi wasichana. Masœur anaita mji mmoja, padri mzee anaita wa pili, nasi tunatembea. Msichana akitaka kumla mwenzake, wanasimama uso kwa uso na kusema. Hakuna karatasi, hakuna kukariri. Unasema linalokujia hapo hapo: kwa nini nisikule, kwa nini usinile. Wenzetu walioketi ngazini wanapiga makofi. Kama aliyetaka kuliwa amesema vizuri zaidi, anabaki, na mlaji anarudi alikotoka na aibu yake. Wakati mwingine tunacheka mpaka mvua inatukuta hapo hapo.

Mimi ni pion. Nimeomba mwenyewe. Pion huliwa mapema, anainamisha kichwa na kwenda kukaa.

Kuhusu Placide, unajua mwenyewe jinsi anavyopenda kuongea.

Mjukuu wako,
Adolphine


Baraka, tarehe 17 mwezi wa tatu 1957

Bibi mudogo,

Salamu ya hapa ni nzuri. Immaculée ameota jino moja mapema, anauma kila mutu na hiyo. Mzee anakusalimia, amesema: «Mwambie.» Kumwambia nini, hakusema.

Nilikukataza habari ya mvua, ukaniandikia mvua mpaka karatasi ikalowa.

Ile mchezo yenu niliwaza sana. Mfalme anatembea hatua moja, anasimama, anangoja bengine bakufe juu yake? Ile haiko mfalme, ile ni mzee Wilondja akiwa na homa. Bawazimu bawili pembeni yake, ile nakubali, sijaona chef wa kijiji hata moja bila bawazimu bake. Lakini mfalme na muke moja! Na ule muke moja njo anakimbia ku vita kila upande! Nani anapika? Muulize Masœur yako, nani anapika.

Basi tukajaribu hapa. Siku moja tulikuwa tunaanika ndakala ku mchanga, nikachukua kasia, nikachora bile byumba. Bamama bakacheka: «Wabiwa amerogwa.» Nikabapanga. Kila mfalme nikamupa bibi mukubwa na bibi mudogo, njo ikawa mji ya kweli. Na pale mutu anakuliwa, we uliandika anaenda kukaa pembeni. Pembeni ya nini? Sisi hatuna desturi ya kufukuza mutu aliyefika mu mji. Ule aliyekuliwa anaingia kwa bale bamemukula, banamupa fasi, anasema ametoka kwa nani na alikuwa anakula nini kule, kiisha anawapigania. Kesho kutwa benzake banamukula, anarudi, anakaribishwa tena. Ikafika saa hakuna anajua nani ni wa nani. Mchezo ilikatala kuisha. Kunguru zikakula ndakala nusu, sisi tukaenda kupika.

Lakini Dorothée muuza chumvi alikutana mu chumba kimoja na muke wa kaka yake. Bale hawasemezani tangu kilio ya mama yao. Sheria ni kusema, basi akasema. Alisema bile byote bilikuwa mu roho yake. Alichelewa kuanza, tulingoja mpaka miguu ikauma, hakuna mutu alimusukuma. Kiisha balilia bote wawili, na ule muke akamufunga kitambaa ya kichwa. Sasa bananiuliza kila siku: «Wabiwa, tutachora lini?»

Na we ni pion! Unainamisha kichwa!

Ulimi yako naijua, usinidanganye. Pale ulikuwa unatwanga na mi, nani alikuwa ananitukana? «Bibi Mukubwa, umezeeka, toka ku kitanda ya bwana yangu, miguu yako inamukwaruza kama mamba!» Mzee alicheka mpaka kiko ikaanguka. Mi nakutukana, we unanitukana, mpaka unga inakuwa laini. Ulimi yako haikufunga pale hata siku moja.

Omba kuwa malkia. Nimesema.

Wabiwa


Baraka, tarehe 5 mwezi wa tano 1957

Adolphine,

Salamu. Sisi tuko.

Barua yako haikuya. Mzee anaenda kila siku ku kivuko, anasema anaenda kuangalia hali ya ziwa. Tangu lini mzee anaangalia ziwa? Ziwa iko pale pale.

Kuko mbuzi bamefungwa ku mti mbele ya mlango yangu. Usiulize ni ya nani.

Kama umekufa, andika tujue.

Wabiwa


Bukavu, tarehe 19 Mei 1957

Tate wangu,

Sijafa. Nisamehe. Salamu kwa wote, na mwambie bwana wetu nimefurahi kusikia kwamba hali ya ziwa ni nzuri.

Nilinyamaza kwa sababu kila nilipoanza kuandika, nilikuwa na nusu tu ya habari. Sasa nakupa hiyo nusu.

Niliomba kuwa malkia. Wenzangu walitazamana. Pulchérie, binti wa karani, alikuwa malkia wa mji wa pili. Huyo mdomo wake ni wembe. Jumamosi ya kwanza alikuja kunila, akasema maneno yake vizuri kama anasoma kitabu, akangoja. Yangu hayakutoka. Nilisimama mpaka majivu yakafutika chini ya miguu yangu, nikatoka. Jumamosi ya pili vilevile.

Ya tatu, alinijia akiwa ameshika kiuno, kidevu juu, anakanyaga kwa kisigino. Nikakuona wewe, Tate. Nisamehe, lakini nilikuona kabisa, mwiko tu ulikosekana. Mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia:

«Aa, Bibi Mkubwa, umekuja! Karibu, lakini futa miguu, hapa bwana analala. Unataka kunila? Kwa meno gani? Meno yako yalibaki kwenye mihogo ya mwaka jana! Ulipewa mji mzima, ukashindwa hata kumfundisha mfalme wako kutembea hatua mbili. Rudi umfunge kamba za viatu!»

Ngazini walipiga miguu. Masœur Constance alivua miwani na kufuta macho. Pulchérie akarudi chumbani kwake, na jioni akaniomba nimfundishe. Alisema: «Kwetu hakuna bibi wa kututukana. Wewe una bahati.»

Hiyo ndiyo nusu nzuri. Nusu ya pili ni kwamba darasani sina mke mwenza. Nina watoto arobaini, na Directrice ameketi nyuma na saa yake. Siwezi kuwatukana watoto. Juzi nilijaribu kuwasalimu tu, nikakwama. Leçon ni tarehe ishirini na sita Juni. Ikifunga, nitapanda camion ya Placide siku hiyo hiyo.

Nakuuliza ingawa umenikataza: mbuzi ni wa nani?

Adolphine wako


Baraka, tarehe 2 mwezi wa sita 1957

Bibi mudogo,

Salamu kwa wewe na kwa ule Pulchérie. Mwambie matusi yangu ni ya watu bawili tu, lakini nitamuhesabu kama wa tatu.

Mbuzi ni ya posa, ya ule mutu wa Kazimia. Eugène alibafunga hapa mi nikiwa ku shamba. Sijagusa hata kamba yao. Unajua desturi: tukichinja moja, umeshatoka mu mikono yetu. Mzee anabapeleka ku majani asubui, anabarudisha magaribi, anabafunga pale pale Eugène alibafunga. Jana mama yako alikosa mboga, akamuangalia mbuzi mudogo. Mzee akainuka akaenda kukaa karibu na ule mbuzi mpaka chakula ikaiva.

Sasa sikia. Mi sijui mambo ya darasa. Lakini najua kunyamaza, hata kama hauamini. Kuko kunyamaza ya mwizi, anaangalia chini, anatafuta mlango. Na kuko kunyamaza ya mwenye nyumba. Mgeni ameingia, mwenye nyumba anamuangalia, hana haraka, anajua nyumba ni yake, atasema pale anataka. Ukifunga mdomo mbele ya bale batoto, fungia ndani ya nyumba yako. Bangoje. Usikimbie neno, usikubali mutu akupe lake.

Nimemaliza. Mukono inauma.

Wabiwa


Bukavu, tarehe 30 Juni 1957

Tate,

Najua unaruka salamu kutafuta habari, kwa hiyo leo nitakusalimu mwishoni.

Nilipewa somo la ziwa. Niliingia, nikachora Tanganyika ubaoni, ndefu kama muhogo, nikageuka. Ikafunga.

Nilitaka kutazama chini. Sikutazama. Niliwatazama watoto mmoja mmoja, kama nahesabu wageni wa kulishwa. Directrice alitazama saa. Mtoto wa mbele, mwenye huruma, akanong'ona: «Mwalimu anataka kusema samaki.» Nikamnyooshea kiganja. Nikamwambia: «Ng-ng-ngoja. Hilo ni la-langu.»

Wote wakacheka kidogo, kisha wakangoja. Tate, kumbe watoto wanajua kungoja kuliko wakubwa.

Nikasema «ziwa». Nikasema «mvuvi». Nikakwama kwenye «Baraka», kwa muda mrefu sana, nikabaki na kidole ubaoni pale mji ulipo, mtu asije akadhani nimesahau. Nilipofika, darasa zima lilipumua. Niliwauliza maswali, wakajibu wakigombania zamu. Kengele ililia nikiwa bado sijamaliza, wakasema aa.

Neno ambalo nyumbani hatulisemi, nalisema hapa: nina kigugumizi. Ninacho hata sasa. Hakikuondoka siku ile, na sidhani kitaondoka. Nilifundisha nacho.

Directrice aliniambia hajui aandike nini, maana somo lilikuwa nusu ya somo. Lakini aliwauliza watoto wenyewe mambo ya ziwa, na hawakusahau kitu. Kwa hiyo ameandika hivi: Septemba nitafundisha darasa la kwanza kwenye shule ya Fizi, karibu na nyumbani, kwa kujaribiwa, mpaka Noeli. Halafu wataamua.

Si ushindi wote. Sijui kama unatosha kwa baba mkubwa Eugène.

Sasa nakusalimu. Nawasalimu nyote, hata mbuzi.

Adolphine


Baraka, tarehe 21 mwezi wa saba 1957

Bibi mudogo wa mzee,

Niliruka salamu, kweli. Nimerudi kuzisoma kiisha.

Immaculée anakaa peke yake sasa. Mzee hakohoi tena, au anakohoa mbali mi nisisikie.

Eugène alikuya na benzake bawili na ule mutu wa Kazimia mwenyewe. Mutu haiko mubaya, nisiseme uongo. Amevaa viatu. Nilibasomea barua yako, mustari kwa mustari. Eugène akasema: «Mpaka Noeli! Kazi ya kujaribu! Na ulimi bado ni ile ile. Tuchinje mbuzi, tumalize.» Nilikuwa nasimama nimutukane. Sikufika. Mzee njo alisimama. Ule mutu hasemi, unamujua. Akafungua kamba za mbuzi bote, akazitia mu mukono ya mutu wa Kazimia, polepole, moja moja, akasema: «Bwana, huyu ni bibi yangu mudogo. Nilimuoa pale alikuwa na siku moja. Kama unamutaka, ungoje nikufe.» Kiisha akakaa.

Mutu wa Kazimia alicheka mpaka akashika mti. Nani atagombana na mzee juu ya muke wake? Akasema hajaona posa imekataliwa vizuri vile. Akaenda na mbuzi zake, na Eugène nyuma yake, analaumu hata mawe ya njia. Atarudi na maneno ingine, namujua. Bakuye.

Sasa jambo moja, kiisha nafunga.

Placide alikuwa anapandisha ndakala Fizi, nikapanda naye. Nilimwambia nina shida ya dawa. Sikuwa na shida ya dawa. Nilitaka kuona ile darasa yako. Shule ilikuwa imefungwa, mulinzi akanifungulia, alinihurumia juu ya mugongo. Mabenchi ni mafupi. Dirisha ya upande wa kushoto haifungi, uvae nguo ya moto. Tablo ya chaki iko na ufa.

Nikaenda kusimama pale mbele. Nilitaka kujua tu. Nilisema mu roho yangu: Wabiwa, sema kitu, bile unasemaka ku soko, bile unasemaka ku kisima. Nikageukia mabenchi. Hakukuwa mutu hata moja, Adolphine. Ni mbao tu.

Mdomo yangu ikafunga.

Mi. Nilisimama pale, mikono haikujua fasi ya kukaa, jasho ikanitoka shingoni. Nilitafuta hata «jambo», nikaikosa. Mulinzi akauliza nje: «Mama, uko muzima?» Sikumujibu hata yeye. Nilitoka nikapanda camion, na Placide aliongea njia yote, mi nimenyamaza, akafikiri nimepata habari ya kifo.

Tangu ile siku nawaza tu: na we kulikuwa batoto arobaini.

Ukuye. Kitanda yako nimeitandika.

Wabiwa